Sambusa Kwenye Bomba la Moshi

Mjomba wangu alipotua kutoka Tanga, Juni 2016, hakuuliza habari za London wala za Malkia. Alitaka kuliona gari. Alilizunguka mara mbili pale uani kwangu Leicester, akapiga teke kila tairi, akainama kuchungulia uvunguni, kisha akauliza swali ambalo mtu aliyekaa miaka 30 kwenye malori ya Dar–Tunduma lazima aulize.

"Linakula vipi?"

Hapo akawa amenigusa donda. Lile ni gari-nyumba: dizeli ya lita 1.9, la mwaka 1996, lina vitanda vinne, jiko la gesi na choo cha mtu mwembamba. Nililinunua ili niokoe hela za hoteli. Mke wangu analiita kontena, na kwenye upepo kweli ni kontena. Halikati hewa, linaisukuma. Kwa hesabu zangu lilikuwa linakwenda maili 24 kwa galoni, nikamwambia hivyo.

"Nipe kwa lugha ya watu," akasema Mjomba.

Ukitaka kuchanganyikiwa, njoo Uingereza. Barabara inapimwa kwa maili, mafuta yanauzwa kwa lita, halafu ulaji wa gari unatajwa kwa galoni ambayo hakuna kituo kinachoiuza. Nikatoa simu nikapiga hesabu: kilomita nane na nusu kwa lita moja.

Mjomba akasikitika kama nimemtajia msiba. "Lori langu lilikuwa linakwenda mbili, lakini lilikuwa na trela na tani 30 za saruji. Wewe umebeba nini humu, magodoro?"

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Inverness, kaskazini mwa Uskoti, maili kama 460, kumwona binti yake ambaye alikuwa amejifungua. Kwa bei ya dizeli wakati ule, pauni moja na senti kumi hivi kwa lita, kwenda tu ni pauni 90 na ushei. Kurudi ni hizo hizo. Nikamwambia Mjomba asihofu, nina dawa.

Dawa ilikuwa bandani. Shangazi wa mke wangu anapika kwenye harusi za Waswahili na Wahindi wa Leicester, na kila wiki anabaki na madumu ya mafuta yaliyokwisha kukaangia sambusa, bajia na kachori. Injini za dizeli za zamani kama yangu, zisizo na kompyuta, zinayapokea mafuta ya mimea ukiyachanganya na dizeli. Na si haramu. Tangu 2007 serikali ya Uingereza inamruhusu mtu kutumia mpaka lita 2,500 kwa mwaka bila kulipia ushuru wa mafuta. Sheria ile nilikuwa nimeihifadhi kama juzuu Amma. Nikamweleza Mjomba pia kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, injini ya dizeli iliwashwa kwa mafuta ya karanga ikaenda bila taabu.

"Karanga!" akasema Mjomba, macho yamemtoka. Tangu dakika ile tukawa kitu kimoja, na kila mwenye akili nyumbani akaanza kutuogopa.

Tulichuja usiku kucha. Kitambaa kilichofaa kilikuwa kanga ya mke wangu ya "Hasidi hana sababu", ambayo mimi niliidhani kuukuu. Alipoikuta asubuhi imening'inia juu ya ndoo, inadondoka mafuta na vipande vya bajia, alisoma yale maandishi kwa sauti, akanitazama, akasema, "Mimi sababu ninayo," akaingia ndani. Mpaka leo nailipia ile kanga.

Shehena ya shangazi ikawa haitoshi. Tulihitaji lita 40, tulikuwa na 28. Rafiki yangu mmoja mwenye duka la kuku wa kukaanga akanipa dumu la kujazia. Mafuta yake yalikuwa meupe kidogo, na chini ya dumu kulikuwa na kitu kizito kama samli. Nikasita. Mjomba akalichukua dumu, akalitikisa kama dawa ya kikohozi, akamimina.

Tukasafiri Jumamosi, saa tatu asubuhi, sote tumefunga isipokuwa mwanangu wa miaka minne. Ilikuwa Ramadhani, na ndiyo habari yenyewe. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini Mjomba alisema hajawahi kula mchana wa Ramadhani kwenye mlima wa Kitonga kule Iringa, hatakula kwenye lami kama meza ya hotelini.

Gari likatii. Upepo nilikuwa nimeujaza sawasawa, sanduku la juu ya paa nimelishusha, mguu wangu mwepesi kama wa paka. Nilishika maili 50 kwa saa, maana ukizidi hapo kontena linapigana na hewa na mafuta yanakwenda na maji. Mjomba akatazama mshale. "Hamsini? Unasindikiza jeneza?" Nikamwambia ni maili, kwa kilomita ni 80. Akatulia, lakini malori yalipoanza kutupita aliumia moyo. Malori ya huku yamefungiwa mwendo, hayazidi maili 56, kwa hiyo lori likikupita linakupita taratibu, mnatazamana na dereva kitambo kirefu. Mjomba aliwapungia wote mkono kama wenzake, kisha akageuza uso.

Kwenye mlima wa Shap, barabara kuu ya M6 inapopanda kuelekea Carlisle, akasema huu ni mtoto wa Kitonga. Tulipoanza kuteremka akapiga dashibodi. "Weka frii! Weka frii, liteleze!"

Nikamweleza kwa adabu kwamba gari likiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, pampu inakata dizeli yenyewe, ila ukiweka frii injini inahitaji kunywa ili isizime. Kwa hiyo frii ndiyo inayokula, tena unabaki na breki tu.

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma, Mjomba."

"Mimi sikusoma. Nimeteremka."

Sikuweka. Akanuna mpaka mpakani mwa Uskoti.

Lakini nimeruka jambo. Kabla ya Shap, maeneo ya Preston, kulikuwa na foleni, magari yamesimama saa nzima. Upepo ukawa unatoka nyuma. Sasa moshi wa mafuta yale haunuki kama moshi. Unanuka sambusa. Si mfano wa sambusa: sambusa yenyewe, ya nyama, yenye kitunguu na bizari, ndiyo kwanza inaepuliwa. Harufu ikaingia kwenye kila tundu la kontena, na madirisha hayafungi vizuri. Saa nane mchana, kufuturu bado saa nane nyingine. Mke wangu akajifunika mtandio puani. Mjomba akaanza kuvuta uradi kwa sauti. Gari la jirani likateremsha kioo, mama mmoja akatoa kichwa akawa anatafuta mgahawa ulipo katikati ya barabara kuu.

Mwanangu, aliyekuwa ameshiba, akatangaza: "Baba, gari limejamba sambusa."

Kwetu gari lisilokula sana tunasema linanusa tu mafuta. Siku ile lilikula lenyewe, tukanusa sisi.

Tulifika kilele cha Drumochter, kwenye barabara ya A9, saa tatu na nusu usiku, jua bado linapiga soga. Hilo nalo lilimtesa Mjomba. Kwetu magharibi ni saa kumi na mbili na nusu, mtu hahitaji hata saa. Huku jua lilizama saa nne na dakika kumi, tena kwa kusitasita, na halafu giza halikuingia. Tukafuturu tende na uji wa pilipili manga kando ya barabara, milima imetuzunguka, baridi inatafuna masikio.

Zilibaki maili kama 60. Nikataka kumalizia. Mjomba akakataa: taa zinakula mafuta. Kwamba taa zinaizidishia alternata mzigo ni kweli, lakini mzigo wenyewe ni wa kijiko. Nilikuwa nimechoka, nikaona afadhali nishindwe kwa hoja kuliko kwa usingizi. Tukalala pale.

Mke wangu akafungua bomba aoshe vyombo. Likakohoa.

"Maji yako wapi?"

Kimya. Kisha kutoka kitanda cha juu: "Nilikupunguzieni kilo mia."

Jana yake usiku, huku mimi nachuja mafuta, Mjomba alikuwa amelimwaga tangi zima la maji, lita 100, kwenye maua ya jirani. Kila lita ni kilo, alisema, na lori halibebi maji kwenda kwenye mvua. Tulibaki na dumu dogo la maji ya kunywa, na baada ya daku likawa na kikombe kimoja. Udhu wa alfajiri tuliutia kwenye kijito cha mlimani. Sitausimulia udhu ule. Nitasema tu kwamba Mjomba, mtu wa pwani tangu kuzaliwa, alipoingiza mguu wa kwanza alitaja ndugu zake wote waliokufa.

Saa moja asubuhi nikawasha gari. Likawaka mara moja, nikamtazama mke wangu kwa kiburi. Tukaenda mita 300. Likaanza kuvuta pumzi kama mgonjwa wa pumu, likatikisika, likazima.

Nikafungua boneti, nikafungua filta ya dizeli. Ndani ilikuwa imejaa samli. Njano, laini, imekaa vizuri, ungeweza kuipaka kwenye mkate. Dumu la kuku lilikuwa na mafuta ya mawese, na mawese hayahitaji barafu ili yagande, yanahitaji tu kutoka kwenye joto. Leicester mchana yalikuwa maji. Drumochter alfajiri yalikuwa Blue Band.

"Hii naijua," akasema Mjomba, amefurahi kabisa. "Makambako, miezi ya baridi. Tunawasha moto chini ya tangi."

Mke wangu akasimama kati yake na gari. "Mjomba, kwa heshima zote. Kuna mtungi wa gesi humo, na mtoto wangu."

Akakubali maji ya moto badala ya moto. Maji ya nani? Ndipo macho yetu yote yalipoangukia chupa ya chai. Chai ya maziwa ya tangawizi na iliki iliyobaki daku, mke wangu ameitunza kwa ajili ya mtoto. Mjomba aliimimina juu ya kikombe cha filta polepole, kwa mkono wa kulia, anasema bismillahi. Nami, niseme nini, nilikuwa nimeshika kikombe.

Gari likawaka! Likawaka likinuka sambusa na chai, yaani futari kamili, saa mbili asubuhi, watu wamefunga. Tukaondoka tunacheka kama wendawazimu. Barabara ikaanza kuteremka kuelekea Dalwhinnie, na katikati ya mteremko likazima tena.

"Weka frii!" akapiga kelele Mjomba.

Na safari hii nikaweka, maana hakukuwa na injini ya kubishana nayo. Usukani ukawa mzito kama wa trekta, breki baada ya kuikanyaga mara mbili ikawa jiwe, nikaivuta na ya mkono mpaka tukasimama ukingoni. Mjomba alikuwa anang'aa. Tangu Shap alikuwa anaisubiri frii yake.

Fundi wa brekdauni alikuwa Mskoti mwenye ndevu nyekundu. Alichovya kidole kwenye filta, akakinusa, akanusa tena, akauliza kwa upole kama tuna chakula chochote ndani. Nikamwambia tumefunga. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akatuvuta mpaka kijijini ili apate mahali pa kutolea mafuta yote kwenye tangi.

Alituegesha mkabala na majengo meupe, safi, yenye paa zilizochongoka juu kwa madaha. Mjomba akashika kifua. "Alhamdulillahi. Hata huku wamejenga msikiti." Kabla sijafungua mdomo amekwisha kuchukua birika na kuvuka barabara. Kile ni kiwanda cha wiski. Nilimwona anazungumza na kijana mmoja mwenye fagio, wanapeana mikono, birika linajazwa. Akarudi akitembea taratibu, maji hayamwagiki.

"Watu wakarimu sana," akasema. "Ila msikiti wao unanuka mnazi."

Nilimwambia ukweli baada ya Eid.

Kutoa mafuta, filta mbili mpya, dizeli ya kuanzia na kuvutwa: pauni 190. Mafuta ya sambusa yalikuwa yameniokolea pauni 44, na nilizijua zote kwa majina. Bima ya uokoaji haikulipa hata senti, kwa sababu kwenye fomu kuna sehemu ya "mafuta yasiyo sahihi" na fundi, mtu mkweli, aliandika "kuku".

Inverness tulifika adhuhuri, kwa dizeli tupu, maili 28 kwa galoni. Sanduku limeshushwa, mguu mwepesi, tangi la maji tupu: kumbe vile vitu vidogo vidogo vilikuwa vinatosha, na Mjomba alinikumbusha kila baada ya kilomita kumi kwamba zile kilo mia zilikuwa zake.

Usiku ule, saa nne na robo, mjukuu akiwa mapajani mwa Mjomba, adhana imelia kwenye simu, binti yake akaleta sinia kubwa limefunikwa kawa. Akafunua kwa tabasamu la mtu aliyeshinda jikoni mchana kutwa kwa ajili ya baba yake.

Sambusa. Za nyama.

Mke wangu akageukia ukutani. Mjomba akalisogeza sinia kwa ncha ya kidole mpaka mbele yangu. "Mwanangu, Mungu akubariki," akamwambia binti yake, "lakini mimi hizo nimezila tangu Preston."