Bisi za Sukari na Sauti ya Lufufu

Jumanne iliyopita, siku ambayo tiketi za sinema hapa Leipzig huuzwa kwa bei ya chini, nilinunua ndoo ya bisi, nikaketi kwenye kiti laini chenye namba yangu, nikatia bisi ya kwanza mdomoni na kukuta ina sukari. Nimeishi Ujerumani miaka saba na kila mara nasahau kuuliza kama wanazo za chumvi. Walikuwa wamerudisha Terminator 2 ya mwaka 1991, ambayo niliitazama kwenye kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani, cha Morogoro mara nyingi kuliko nilivyohudhuria vipindi vya hesabu. Nikiwa natafuna utamu ule shingo upande, Arnold Schwarzenegger akafungua kinywa, akazungumza Kijerumani, na sauti haikuwa yake.

Hebu lifikirieni jambo hili. Schwarzenegger ni mzaliwa wa Austria, na Kijerumani ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa aliyemsemea katika filamu zinazoonyeshwa huku alikuwa mwigizaji wa sauti aitwaye Thomas Danneberg, ambaye alimsemea pia Sylvester Stallone, kwa hiyo Mjerumani wa rika langu amekua akiwasikia mafahari hao wawili kwa koo moja. Nikageuka kuwatazama majirani zangu gizani. Hakuna aliyecheka wala aliyeona ajabu. Wamekwisha kuamua kwamba filamu ya mgeni ikifika kwao itasema lugha yao, na kazi hiyo wakaipa studio, mishahara na heshima.

Sisi tulikuwa na Lufufu, tukamwonea haya.

Vijana wa leo huenda hawamfahamu. Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alitia sauti yake juu ya filamu za kigeni akiwa Dar es Salaam, akazisimulia kwa Kiswahili, na kanda zake zikasambaa. Majirani zetu wa Kenya wana DJ Afro, ambaye kazi yake ni ya ukoo huohuo. Kibandani kwetu alikuwapo kijana mmoja aliyejitahidi kusema kama Lufufu. Aliketi kwenye kreti la soda kando ya runinga, akiwa na kipaza sauti ambacho waya wake ulifungwa kwa gundi, na kila jenereta ilipokohoa naye alinyamaza akingoja. Yule polisi wa chuma cha majimaji alimwita askari wa zebaki. Ilipofika sehemu ya mwisho, Schwarzenegger anapoteremka taratibu ndani ya chuma kinachotokota mpaka kikabaki kidole gumba peke yake, benchi zima lilipiga kelele kwa sababu kila mtu alijua kwamba staringi hafi. Kijana yule alikaa kimya kidogo, akakohoa, kisha akatutangazia kwamba kilichoungua ni nguo tu.

Nasema bila kuficha kwamba Terminator 2 ya Morogoro ilikuwa filamu bora kuliko ya Leipzig. Danneberg, kwa ustadi wote aliokuwa nao, kazi yake ilikuwa kujificha ndani ya kinywa cha mtu mwingine ili tusijue kwamba yupo. Msimuliaji wetu alikaa kando ya staringi, akabishana naye, akamwonya, na pale alipofanya upuuzi akamsema mbele yetu sote.

Najua wapo watakaoniambia kwamba umaskini ni mtamu ukiukumbuka ukiwa kwenye kiti laini, na kwamba si mimi ninayetoa jasho kwenye benchi lile leo. Ni kweli, sipo. Mwingine atasema nimepanda ndege juzi na sasa naja kuwafundisha thamani ya vitu vyao wenyewe. Ndugu yangu, mimi ndiye niliyeona haya. Nilipofika chuo kikuu nilikuwa nikiwadanganya wenzangu kwamba filamu zote nilizitazama kwa Kiingereza, na walionisikiliza walikuwa wakinidanganya vilevile. Wala sidai kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Kanda nyingine zilikuwa zimerekodiwa kwa siri ndani ya ukumbi, vichwa vya watu vikipita mbele ya picha, na nyingine zilikatika kabla ya mwisho bila mtu kurudishiwa kiingilio chake.

Kinachonikera zaidi ni yale tuliyoyafanya tulipopata filamu zetu wenyewe. Nampenda marehemu Steven Kanumba, mwigizaji wetu, na kifo chake cha mwaka 2012 kiliniuma kama cha jamaa yangu. Lakini hadithi ya Kiswahili, ya waigizaji Waswahili, kwa mtazamaji wa Manzese, Dar es Salaam, kwa nini ipewe jina la Kiingereza, igawanywe sehemu ya kwanza na ya pili ili tulipe mara mbili, kisha chini yake yapite maandishi ya Kiingereza ambayo mwalimu wangu wa darasa la saba angeyatia wino mwekundu? Mjerumani humlazimisha Mmarekani aseme Kijerumani, nasi tunamwomba radhi Mmarekani ambaye hata hayupo ukumbini.

Wageni nao wanakipenda Kiswahili chetu kwa namna yao. The Lion King ya mwaka 1994 ilichukua majina yetu, na hapa kila ninapotaja nilikotoka hujibiwa "hakuna matata", maneno ambayo Morogoro sikuyasikia kwa mtu yeyote asiyeuza vinyago. Mwenzangu mmoja kazini alinivika hedifoni zake nisikilize muziki wa mchezo wa kompyuta wa Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, "Baba Yetu", iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin, na mwaka 2011 ikawa kazi ya kwanza kutoka mchezo wa video kushinda tuzo ya Grammy. Nywele zilinisimama. Kisha nikaucheza mchezo wenyewe wiki mbili, ukanichosha kwa kuhamisha wakulima na mikuki, nikagundua kwamba Mansa Musa wa Mali yumo lakini Waswahili hawamo katika mataifa ya kuchagua. Kwa mara moja huku hakuna aliyeona haja ya kukitafsiri Kiswahili, maana hakuna aliyetaka kujua kinasema nini.

Mwenzangu huyo ndiye niliyemwonyesha filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi wetu tulikutana nayo kidato cha tano. Hiyo ni filamu kweli: Unguja ya miaka ya 1950, jina la Kiswahili, haina haraka na haimwombi mtu radhi. Maandishi ya Kiingereza yalimpita kwa kasi, akaniomba nimsaidie. Nikaanza kwa kunong'ona, nikimweleza Denge ni nani na Yasmini amemkimbia nani, sauti ikapanda, nikasimama kando ya runinga, nikamwonya Yasmini, nikawatukana wakoloni. Akasimamisha picha. Alitaka kujua imekuwaje nimesema dakika nzima wakati msichana yule bado hajafungua kinywa.