Kufuta Kusikofuta

Jana jioni nimekaa kibanda cha chai hapa Kondele, Kisumu, na bando za shilingi 50, nataka tu kuondoa seva ya tovuti niliyoivuruga mwenyewe. Naandika sudo apt remove, amri ya kuondoa programu kwenye kompyuta yangu ya Linux. Naulizwa kama niendelee. Endelea, bwana! Ikatoka. Nikaisakinisha upya nikitarajia iamke kama mtoto mchanga: kosa lile lile, mstari ule ule wa 14.

Kumbe remove huondoa programu tu. Faili za mipangilio zinabaki zimejikunyata ndani ya /etc, folda ya mipangilio, kama mgeni aliyeaga tangu asubuhi na bado yuko sebuleni. Ukitaka ziende, sharti useme purge. Na vile vifurushi tegemezi ilivyokuja navyo? Hivyo vinangoja amri nyingine, autoremove. Kuingia, lakini, ilitosha install moja!

Haya, nikaandika purge. Naambiwa ningoje, kufuli la dpkg, chombo kinachosakinisha na kuondoa vifurushi, limeshikwa: masasisho yamejianzisha yenyewe kimyakimya, yanatafuna bando zangu. Sekunde zinahesabiwa mbele ya macho yangu, 12, 13, 14… Mama wa kibanda akauliza kama aongeze chai. Ongeza tu, mama.