Gololi ya Mjerumani na chupa ya bibi

Shimo la choo kwa shangazi yangu, mtaa wa jirani na stesheni ya Tabora, lilikuwa limemfika fundi kiunoni pale sururu ilipoanza kulia kri, kri. Udongo mwekundu ulikuwa umekwisha. Likafuata tabaka la majivu, mifupa ya ng'ombe, vigae vya sahani na vioo vingi. Fundi akainama, akaokota gololi, akaifuta kwenye suruali na kuinyanyulia juani.

"Kaka, hii si lulu kweli?"

Haikuwa lulu. Ilikuwa gololi ya kioo chenye ukijani wa maji ya bwawa, ina viputo ndani, na haina lile ua la rangi tulilolizoea kwenye gololi za dukani. Lakini habari za mtaani hazingoji maelezo. Kufika alasiri walikuwa wamekuja watu wawili kumuuliza shangazi kama anauza uwanja, mmoja wao akiwa ameandamana na mtaalamu wake wa kusoma alama. Shangazi aliwaambia wasome kwanza alama za mlangoni.

Tabora ina ugonjwa wake, nao unaitwa mali ya Mjerumani. Jiwe likiwa na mchoro unaofanana na mshale, basi Mjerumani kaficha hapo. Mwembe ukipinda, Mjerumani. Kaburi la zamani likifukuliwa usiku, asubuhi watu hawaulizi nani kafanya unyama huu, wanaulizana kapata nini. Uvumi huu haukuzuka hivi hivi, nakiri. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia njia ya bahari, Wajerumani walifua sarafu zao hapa hapa Tabora kwenye karakana ya reli: nyingine kwa shaba ya maganda ya mizinga, na ile maarufu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Septemba ya mwaka huo Wabelgiji wakaingia mjini, Wajerumani wakaondoka. Mtu anayekimbia huficha, ndivyo watu wanavyopiga hesabu, na wamechimba kwa hesabu hiyo zaidi ya miaka mia. Mimi sijamwona hata mmoja aliyejenga nyumba kwa mali hiyo. Mashimo nimeyaona.

Kwangu mimi gololi ile ilikuwa na utamu kuliko rupia. Mwaka 1872 Mwingereza aitwaye Hiram Codd alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya chupa ya soda isiyohitaji kizibo. Chupa yake ina shingo iliyobanwa, na humo ndani imewekwa gololi ya kioo. Karibu na mdomo kuna pete ya mpira. Chupa ilijazwa ikiwa kichwa chini, kisha gesi ya soda yenyewe ikaisukuma gololi hadi ikabana kwenye ule mpira. Ukitaka kunywa unaibonyeza gololi iingie ndani, soda inafoka, na vibonyeo vya shingoni vinaidaka gololi isirudi kuziba wakati unamimina. India mpaka leo wanauza soda ya namna hiyo, wanaiita banta, na Japani wana yao iitwayo ramune.

Codd alifikiria kila kitu isipokuwa watoto. Huko Uingereza kwenyewe watoto walizivunja chupa hizo ili wapate gololi, ndiyo maana leo mkusanyaji akipata chupa nzima anaikumbatia. Sisi tuliocheza gololi kwenye vumbi la mtaa wa Isevya hatuhitaji kufafanuliwa. Ukiniwekea chupa tupu yenye gololi ndani nikiwa na miaka tisa, chupa hiyo isingeiona magharibi.

Hapo hapo niseme na wauzaji wa vitu vya kale. Mwaka huo huo wa 1872 Livingstone alikuwa Kwihara, pale nje ya mji, akiwangoja wapagazi ambao Stanley alimtumia kutoka pwani. Aliondoka Agosti, na mwaka uliofuata akafariki. Nimewahi kuoneshwa gololi kama yetu ikinadiwa kuwa ni "ya Livingstone". Angeinunua duka gani mzee yule?

Baada ya fundi kumaliza kazi nilibaki na ndoo mbili za vioo, nikavipanga uani kama mwanamke anayeanika dagaa. Kioo cha zamani kinasomeka ukijua pa kutazama. Fuata mshono ulioachwa na kalibu ubavuni mwa chupa. Ukikoma chini ya mdomo, mdomo huo ulimaliziwa na mkono wa fundi. Ukipanda hadi juu kabisa, hiyo imetoka kwenye mashine, kazi iliyoanzishwa na Mmarekani Michael Owens mwaka 1903. Vipande vyetu vingi mshono wake ulikoma shingoni. Viwili vilikuwa na rangi ya zambarau hafifu, na si kwamba vilitengenezwa hivyo. Zamani mafundi walitia manganisi ili kioo kiwe cheupe, nacho kikikaa juani miaka mingi kinageuka zambarau. Maana yake vipande hivyo viliota jua kwanza, labda uani kwa mtu, kabla ya kufukiwa. Kimoja kilikuwa cha buluu chenye michirizi ya kupapasika. Hicho nilikiweka pembeni na kunawa mikono: chupa za sumu zilitengenezwa na michirizi ili mtu anayepapasa kabatini gizani asichanganye na dawa ya kikohozi.

Ila katika ndoo zote mbili hapakuwa na chupa nzima hata moja. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Wenzetu wa Uingereza wana burudani ya kufukua majalala ya enzi za Malkia Victoria, nao hutoka na chupa nzima nzima, za bia, za wino, za dawa. Kwao chupa tupu ilikuwa taka. Hapa kwetu chupa tupu ilikuwa chombo. Mpishi wa bwana reli hakuitupa. Aliondoka nayo jioni chini ya kwapa, ikaoshwa kwa majivu na mchanga, ikatiwa asali, au samli, au mafuta ya taa. Tazama barabara ya kuingia Tabora leo: asali imepangwa kwenye chupa za konyagi na za maji. Nenda Kigoma uone mawese yanavyouzwa. Jalalani kilifika kile tu kilichokwisha kuvunjika.

Kwa hiyo yule anayekuja na sururu kutafuta chupa ya Mjerumani anachimba mahali ambapo haikuwahi kufika. Na anachimba vibaya. Tabaka la majivu halina mshiko, linaporomoka. Vioo na misumari vinaleta pepopunda. Na kila kipande kinachorushwa juu ya kifusi kimeshapoteza neno lake, kwa sababu kipande bila tabaka lake ni kioo tu. Mbaya zaidi ni wanaowapa watoto mia tano mia tano wawachimbie. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo ipo: inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvichimba kunataka kibali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, hivyo chupa za stesheni ziko upande huu wa mstari. Shanga na vigae vya njia ya misafara huenda viko upande wa pili. Ukikutana navyo ukichimba choo, piga picha, andika kina, kawaambie watu wa makumbusho.

Chupa nzima unaitafuta kwa kubisha hodi. Nilianza kuuliza kwa wazee, na katika nyumba ya nne, Kanyenye, bibi mmoja akanitolea uvunguni chupa ya kahawia iliyokolea, mshono umekoma shingoni, kioo kimejaa viputo, kitako kimekaa upande kidogo. Mdomoni imezibwa kwa gunzi la mahindi. Ndani asali ya miombo, nyeusi kama kahawa.

"Ilikuwa ya mama mkwe," akasema. "Yeye aliikuta kwa mama yake."

Nikaomba kuinunua. Nikataja bei, bibi akacheka. Nikapandisha. Akaacha kucheka, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, na nilipomwambia akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo.

"Mjukuu wangu, asali unataka au hutaki?"

"Nataka, bibi."

"Basi kalete chupa yako nikumiminie."

Nikaenda dukani kwa Mangi, nikanunua maji ya lita moja na nusu, nikayamwaga barazani, nikarudi.