Himbi na Majengo rangi moja?

Jamani, hii grafu ya nukta inanichosha. Jiji la Goma lina kartie (mitaa) 18, saba za komini, yaani sehemu ya jiji, iitwayo pia Goma na 11 za komini ya Karisimbi. Matplotlib, programu ya Python ninayochorea, usipoiambia kitu, ina rangi 10 tu, moja kwa kila kartie. Kundi la 11 likifika inaanza upya, kimya, bila onyo lolote. Kwa mpangilio wa alfabeti Himbi inakuwa ya 2 na Majengo ya 12, basi zote mbili ni rangi ya machungwa. Himbi iko kando ya ziwa, Majengo iko kule juu. Ukichora bei ya bidoni ya maji dhidi ya umbali wa kwenda kuyachota, nukta zao zinachanganyika na mtu anasoma kartie ambayo haipo. Na grafu kama hizo zinabandikwa kwenye ripoti, wakubwa wanazitazama, wanaamua bomba liende wapi!

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Ukigawa data kwa groupby, amri ya kupanga data kwa makundi ya Pandas (programu ya majedwali ya Python), kila mstari usio na jina la kartie unatupwa. Husikii kitu. Lazima uandike mwenyewe dropna=False, yaani usitupe mistari hiyo, na wangapi wanajua hilo?

Rangi, haya, kuna tab20, orodha ya rangi 20 ya Matplotlib. Lakini zimepangwa mbilimbili, iliyokolea na iliyofifia, na kwenye karatasi ya printa ya mtaani huwezi kuzitofautisha. Mimi naona bora kila kartie ipewe kijigrafu chake, vyote kwa vipimo vilevile. Programu ingeweza angalau kutoa onyo, sentensi moja tu: rangi zimekwisha.