Ukingo wa mwisho wa mtutu na milimita mbili za dhahabu

Tangu picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki ilipozunguka kwenye simu mwaka 2024, mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida usoni, vijana wengi hapa Lubumbashi wamebaki na hoja moja: kulenga shabaha ni jicho na mkono, vifaa ni mapambo. Mtu alitoka kwenye Olimpiki na medali ya fedha bila makorokoro ya wenzake, basi yaliyobaki ni biashara ya wauzaji. Ukiisema hoja hiyo mbele ya mafundi wa kukereza chuma, wale wazee waliokulia kwenye atelie za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na vijana waliofunzwa nao, watakuuliza kwanza hali ya mdomo wa mtutu. Hapo ubishi unaanza. Mara nyingi fundi ndiye anayeonekana mkaidi, mtu wa kupimapima vitu visivyo na maana. Mimi naona fundi anaonewa.

Niseme mapema kwamba nazungumzia mchezo. Katika nchi hii bunduki imeleta misiba mingi mno, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu hawahitaji kuelezwa. Lakini mashindano ya kulenga shabaha ni kazi ya usahihi kama kazi nyingine za usahihi, na swali lenyewe ni la watu wa mashine: ukingo mdogo pale mtutu unapoishia una nguvu gani juu ya mahali risasi inapofika?

Ukingo huo ndipo mahali pa mwisho panapogusa risasi. Ndani ya mtutu risasi imeshikwa pande zote na inazungushwa na mifereji iliyochongwa ndani yake. Nyuma yake kuna gesi inayosukuma, na kwa bunduki ya baruti gesi hiyo bado ina shinikizo la mamia ya angahewa wakati risasi inatoka. Kitako cha risasi kinapoachana na ukingo, gesi inafyatuka, inaipita risasi kwa kasi na kuizingira kwa kitambo kifupi sana. Kama ukingo uko sawa mzunguko mzima, gesi inatoka sawa kila upande na risasi inaendelea na njia yake. Kama upande mmoja umelika au umepigwa, gesi inatorokea huko kwanza. Mtu anayevuka kizingiti akisukumwa bega moja tu hugeuka, na risasi nayo ndivyo inavyofanywa. Mkengeuko wa sehemu moja ya elfu kumi, usioonekana kabisa mdomoni, unakuwa milimita 10 kwenye umbali wa mita 100.

Kwamba kitako ndicho chenye amri kubwa, hilo lina umri mrefu. Daktari mmoja Mmarekani, Franklin Mann, alitumia miaka mingi kupiga risasi alizoziharibu kwa makusudi, na mwaka 1909 akachapisha matokeo yake. Risasi zilizoharibiwa ncha zilivumilia. Zilizoharibiwa kitako zilipotea njia vibaya. Kumbuka kwamba kitako ndicho sehemu ya mwisho kuuacha mtutu.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Wapo walioshika faili au msumeno, wakaujeruhi mdomo wa mtutu mzuri, kisha wakapiga tena na kukuta matundu bado yako karibu karibu, ila kundi lote limehama upande. Maelezo yao yana mantiki: jeraha lisilobadilika linaisukuma kila risasi kwa namna ileile, kwa hiyo unarekebisha kilengeo na kuendelea. Wanaongeza hesabu ya muda. Risasi inayokwenda mita 800 kwa sekunde inamaliza sehemu ya kumi ya milimita kwa takriban sehemu moja ya milioni nane ya sekunde. Gesi itafanya nini kwa muda huo? Tena kuna pembe ya digrii 11 ya kukatia mdomo wa mtutu, inayotangazwa kama siri ya usahihi, wakati mitutu yenye mdomo bapa, au wa duara, au uliozamishwa ndani, nayo hupiga vizuri mno.

Kuhusu pembe wana haki kabisa, na ninawapa bila kusita. Namba 11 haina uchawi wowote. Mng'aro nao ni vilevile: mdomo unaong'aa kama kioo lakini umekatwa kwa mshazari ni mbaya kuliko mdomo mweusi uliokatwa sawa. Kuhusu muda, hesabu yao ni sahihi ila imesimama mapema. Kazi ya gesi haiishi pale kitako kinapovuka ukingo. Inaendelea wakati gesi inaipita risasi ambayo tayari haijashikwa na kitu. Na kuhusu jeraha lisilobadilika, shinikizo halilingani kwa kila risasi: baruti inatofautiana kidogo, joto linatofautiana, masizi yanaongezeka. Msukumo wa upande mmoja unakua na kupungua pamoja na hayo yote. Ndiyo maana jeraha hilo linaweza kuhamisha kundi lote na pia kulitawanya.

Lakini swali ninalolipenda ni dogo au kubwa kiasi gani, na hapo nataka kukaa.

Chukua fainali ya wanaume ya bunduki ya upepo, mita 10, Olimpiki ya 2024, iliyopigwa Châteauroux. Sheng Lihao wa China alipata 252.2 kwa risasi 24. Victor Lindgren wa Uswidi akapata 251.4. Tofauti ni 0.8. Sasa igeuze kuwa milimita. Kwenye karatasi ya mchezo huo, duara la kumi lina kipenyo cha nusu milimita tu, na kila duara linalofuata linaongeza milimita 2.5 kutoka katikati. Maana yake alama moja nzima ni milimita 2.5, na sehemu ya kumi ya alama ni robo milimita. Kwa hiyo 0.8 ni karibu milimita 2. Usisome kwamba ni milimita 2 kwa kila risasi. Ni milimita 2 kwa risasi zote 24 zikijumlishwa. Gawanya, utapata chini ya sehemu ya kumi ya milimita kwa risasi moja, kipimo ambacho fundi wetu anakitafuta kila siku kwa komparateri, saa ya kupimia yenye mshale, anapoweka ekseli ya pampu kwenye mashine.

Sisemi kwamba Lindgren alikuwa na mdomo mbovu. Mitutu ya wote wawili bila shaka ilikuwa safi kabisa. Ninachosema ni kwamba katika kiwango hicho hakuna mahali pa kuficha sehemu ya kumi ya milimita. Jicho na mkono vimekwisha kufanya kazi yao, wanane waliofika fainali wote wanavyo. Kinachobaki ni kutowapotezea kile ambacho mikono yao imekipata.

Hapa mpinzani makini atanikatiza: bunduki ya upepo ina shinikizo dogo, gesi yake ni hewa tu, kwa hiyo ndiyo isiyojali mdomo kuliko zote. Ni hoja nzuri, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili iko kwenye risasi yenyewe. Risasi ya bunduki ya upepo ni ya plumbi laini, yenye kiuno chembamba na sketi nyembamba nyuma. Ukingo ukiwa na unyuzi wa chuma uliobaki baada ya kukata, unaikwaruza sketi hiyo upande mmoja, na risasi inaondoka na kilema. Kisha tazama bunduki za mashindano. Mbele ya mdomo wa nyingi kati yake kuna kipande kidogo cha umbo la koni chenye tundu katikati, kazi yake kuipasua hewa na kuitupa pembeni isiisumbue risasi. Kama hewa ya mdomoni haina neno, waliotengeneza kipande hicho walikuwa wanapambana na nini?

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka mbali na michezo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, karakana za Kisovieti zilikarabati bunduki nyingi sana za Mosin-Nagant. Mitutu mingi ilikuwa imelika mdomoni, hasa kwa sababu fimbo ya kusafishia ilikuwa ikiingizwa kwa mbele na kusugua upande mmoja miaka nenda miaka rudi. Badala ya kutupa mitutu hiyo, mafundi waliitoboa kwa kuipanua sehemu ya mbele iliyolika, ukingo mpya ukazaliwa ndani zaidi, pale ambapo mifereji ilikuwa bado mizima. Hakuna aliyekuwa akimuuzia mtu tangazo la digrii 11. Ilikuwa njia rahisi ya kuurudishia mtutu mzee usahihi wake, na usahihi ulirudi bila kugusa sehemu nyingine ya mtutu.

Sasa majaribio ya faili na msumeno. Tatizo langu kubwa nayo ni idadi. Mengi hulinganisha kundi la risasi tatu kabla na kundi la risasi tatu baada. Bunduki ileile, bila kuguswa, huonyesha upana wa wastani wa takriban mara 2.4 ya mtawanyiko wake halisi (mkengeuko sanifu kwa mhimili mmoja) ukipiga tatu, mara 3.1 ukipiga tano, na mara 3.8 ukipiga kumi. Na makundi ya tatu yanayumba mno: moja dogo, linalofuata karibu mara mbili yake, bila sababu nyingine ila bahati. Katika kelele hiyo, mdomo ulioharibika kidogo unaweza kuonekana hauna athari, na vilevile mdomo mpya unaweza kusifiwa kwa muujiza ambao haukutokea. Kosa hili linazipiga pande zote mbili, na wanaouza huduma ya kukata mdomo upya wamelitumia vya kutosha.

Nawapa wapinzani jambo jingine, nalo ni zito. Kwa bunduki ndogo ya .22 ya mita 50, aina na toleo la risasi, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, huleta tofauti kubwa kuliko mdomo ulio katika hali ya kawaida. Wapigaji wa kiwango cha juu husafiri hadi viwandani, bunduki inafungwa kwenye kishikio, wanajaribu toleo hadi toleo mpaka wapate linalopatana na mtutu wao. Mtu ambaye makundi yake yamefunguka aanze na risasi, kisha skrubu za kilengeo na za kitako cha bunduki, ndipo aende mdomoni.

Ila akifika mdomoni, aende kwa fundi anayejua kwamba tundu la mtutu mara nyingi haliko katikati kamili ya ngozi yake ya nje. Hili ndilo mafundi wetu wanalijua kwa mikono na ndilo wanalodharauliwa kwalo. Ukiushika mtutu kwa nje na kukata, unaweza kupata mdomo mzuri machoni uliopinda kwa risasi. Lazima komparateri iguse ndani, kwenye tundu lenyewe, mtutu usogezwe kidogo kidogo hadi mshale utulie, ndipo kisu kikaribie. Baadaye fundi anapitisha pamba kutoka ndani kwenda nje: uzi ukinasa popote, bado kuna chuma kilichobaki. Na baada ya kupiga kwa muda, masizi yanachora nyota mdomoni. Miale ya nyota hiyo ikilingana pande zote, gesi inatoka sawa. Ikiwa mmoja umerefuka, fundi anajua pa kuangalia.

Jaribio ambalo lingemaliza ubishi kwa mtutu mmoja si gumu. Risasi 40 za toleo moja kutoka kwenye kishikio, mdomo ukiwa sawa. Kisha 40 mdomo ukiwa umelika upande mmoja kama unavyoliwa na fimbo. Kisha ukatwe upya, na 40 nyingine. Natarajia kundi la katikati lihame na lipanuke, na la tatu lirudi karibu na la kwanza. Kama halitapanuka, wapinzani watakuwa wameshinda kuhusu mtutu huo, na mimi nitataka kuona karatasi zote 3 zikiwa zimelala mezani pamoja na mtutu wenyewe.