Kazi za mikono kwa makopo, maboksi na nguo kuukuu: tunabana matumizi kweli au tunazungusha taka tu?

Huu mjadala unarudi kila mara kwa familia zinazobana matumizi na naona watu wanaongea bila kusikilizana. Wengine wanasema usitupe kitu, boksi ni gari la mtoto, kopo ni taa, tisheti iliyotoboka ni mkeka wa mlangoni, hela inabaki mfukoni na watoto wanaweka simu chini. Wengine wanasema hapana, hizo ni takataka zilizopakwa rangi, umenunua gundi, umenunua rangi, umenunua mapambo, af kitu kinajaa vumbi juu ya kabati wiki mbili tatu kisha kinaenda jalalani kulekule. Mimi nazipenda sana hizi kazi na natetea watu wazifanye, ila hao wa pili wana hoja ambayo sisi wapenzi wake tunaikwepa.

Hoja yenyewe ni hii. Boksi la katoni likiwa kavu na safi bado ni mali, nyuzi za karatasi zinaweza kuchakatwa upya kama mara 5 mpaka 7 hivi kabla hazijawa fupi mno. Sasa chukua boksi hilohilo, lipake rangi ya plastiki, limwagie vimetameta, bandika vifuniko vya chupa kwa ile gundi ya kuyeyusha kwa umeme. Hapo umeshaunganisha karatasi na plastiki kwa namna ambayo hakuna mtu atakaa kuvitenganisha, kiwanda hakilitaki tena na kwenye mboji haliwezi kwenda, yani umelifanya takataka kitu ambacho hakikuwa takataka. Na vile vimetameta vyenyewe mara nyingi ni plastiki iliyokatwa vidogovidogo, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa vile vya plastiki vya kumwaga kuanzia Oktoba 2023 maana vikishasambaa havikusanyiki.

Kwenye hela ni hivohivo. Ukitaka kujua kama umebana matumizi usihesabu ulichookota, hesabu ulichonunua ili kile ulichookota kitumike. Mara nyingi tatizo linaanzia kwenye picha. Mtu kaona kitu kizuri mtandaoni, kinataka vifuniko vya rangi moja, kamba ya aina fulani na rangi ya kupuliza, yeye nyumbani ana chupa tu, basi vingine vyote anaenda dukani. Hiyo ni hobi na hobi haina ubaya wowote, mtu ana haki ya kutumia hela yake kwenye kinachomfurahisha, ila tusiiandike kwenye daftari la kubana matumizi.

Ila ukigusa nguo, hapo hoja yao inaanguka kabisa. Wanawake wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walishona mablanketi ya viraka kutoka kwenye nguo za kazi zilizochakaa kwa sababu nyumba zilikua na baridi na hela hazikuepo, na mwaka 2002 mablanketi hayo yakaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa Houston. Bengal, kule India na Bangladesh, nao wana kantha, sari na vitambaa vilivyozeeka vinapangwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa kwa mishono midogomidogo mpaka viwe shuka zito. Pale hakuna aliyeanza na picha, walianza na baridi na rundo la nguo. Tofauti yote ninayoitafuta iko hapo, kazi imeanzia kwenye shida iliyopo ndani na kitu kilichopo ndani, na kikiisha kinatumika kila siku mpaka kichakae tena.

Na nguo haitaki ununue karibu chochote. Chukua tisheti ya pamba, ikate chini ya makwapa ubaki na ule mwili wake tu kama bomba, ondoa upindo wa chini, af kata mikanda ya kama sentimita 3 kwenda kwa upana, sio kwa urefu kutoka juu kushuka chini, maana ukikata kwa urefu haivutiki vizuri. Kila mkanda unatoka kama pete, ukate sehemu moja, af ukiushika ncha mbili ukauvuta kwa nguvu kingo zake zinajikunja zenyewe kwa ndani na unapata uzi mnene wa mviringo, huhitaji kushona pindo, huhitaji gundi, unasuka kama unavyosuka nywele halafu unazungusha na kushona kwa sindano mpaka iwe mkeka wa duara. Mtoto wa miaka 7 anaweza kusuka hiyo kamba wakati wewe unashona. Tahadhari moja tu, kama unatengeneza vya kushikia sufuria hakikisha ni pamba tupu. Ng'oa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti juu ya sinki, wa pamba unaacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, wa polista unayeyuka na kuganda kuwa tone gumu, na hilo tone hulitaki kwenye kiganja ukiwa umeshika sufuria ya moto.

Kopo la bati nalo naliweka upande wa vitu vinavyojilipa. Ukijaribu kutoboa kopo tupu kwa msumari linabonyea, kwahiyo jaza maji, acha nafasi kidogo juu, weka kwenye friza mpaka maji yagande kabisa kisha lilaze juu ya taulo lililokunjwa na utoboe kwa msumari na nyundo, lile barafu linashikilia ukuta wa kopo na matundu yanatoka safi. Barafu likiyeyuka una taa ya kuwekea mshumaa bila tone la rangi, na ukiichoka inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kama kopo jingine lolote. Ila ukingo wa juu uliokatwa unakata vidole vibaya, ubonyeze kwa koleo pande zote kabla mtoto hajalishika.

Kwenye gundi kuna ubishi mwingine, chakula. Uji wa unga wa ngano, kikombe kimoja cha unga kwa vinne vya maji, ukikorogwa motoni mpaka uwe mzito unabandika karatasi vizuri sana na kitu kizima kinaweza kuoza kwenye mboji baadae. Wapo wanaosema ni dhambi kuchezea unga wakati wengine wanalala njaa. Nawaelewa na sitawabeza. Kwangu mimi kiasi kidogo cha gundi badala ya chupa ya kununua ni sawa, ila ule udongo wa kuchezea wa vikombe viwili vya unga na kimoja cha chumvi siuoni kama ni ubanaji matumizi wakati udongo wa kawaida upo chini, na tena chumvi yote ile ni sumu kwa mbwa akiula.

Sasa watoto. Hapa wapinzani wanakosea wanapopima kazi ya mtoto kwa kuangalia kama imedumu. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 na baadae kuipa jina la kindergarten, aliwapa watoto kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kupanga vijiti, na faida ilikua kwenye mikono na akili wakati wa kufanya. Boksi lililokua meli asubuhi na nyumba jioni limeshafanya kazi yake hata likichanika kesho. Na ukiangalia vizuri, anayetaka rangi na mapambo mara nyingi ni mzazi anayetaka kupiga picha, mtoto anataka boksi, mkasi butu na aachwe. Mwache aunganishe kwa kupachika na kufunga uzi, kila kitu kitafumuka na kurudi kilipotoka.

Kuna hili pia ambalo pande zote mbili hawalisemi vya kutosha, kitu kuwa cha asili au cha bure hakikifanyi kuwa salama. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu wanatunga shanga (Abrus precatorius) zina sumu kali sana, na kuzitoboa kunafungua lile ganda linalozuia sumu, mbegu za mbarika nazo zina yao. Mbao za paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, zenye muhuri wa MB zilifukiziwa kemikali, tafuta za HT ambazo zilipashwa joto tu. Mbao yenye rangi ya zamani usiipige msasa nyumbani, rangi za zamani nyingi zilikua na madini ya risasi. Na kadi za muziki au midoli mibovu unayotaka kuifumua, toa kwanza zile betri za duara kama kitufe na uzifungie mbali, mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2 tu.

Nimeacha muda mpaka sasa na ndio gharama kubwa kuliko zote. Mkeka wa tisheti unakula jioni nyingi, kikapu cha mifuko ya plastiki iliyokatwa na kufumwa kinakula zaidi, na kwenye familia nyingi jioni hizo ni za mama ambaye tayari ameshinda kazini au jikoni. Kama anapumzika kwa kufuma, safi kabisa, ila kama anafuma kwa sababu ameambiwa mke mwema hanunui mkeka, hapo familia haijaokoa kitu, imemhamishia mtu mmoja gharama. Ndio maana nasema kazi hizi zifanywe wote wakiwa mezani, baba naye akate mikanda.

Na kwa shule zinazoagiza watoto walete kitu kilichotengenezwa kwa taka, naomba waagize kwa kusema leteni mlichonacho, bila kutaja chupa ya ukubwa fulani au rangi fulani, kwa sababu saivi kuna wazazi wanaenda dukani usiku kununua kinywaji ambacho hakuna anayekihitaji, wanakigawa kwenye glasi ili mtoto awe na chupa tupu kesho asubuhi.