Betri za Mama Mkwe

Kwanza, sikukamatwa. Naanza na hilo kwa sababu mama yangu mzazi amepiga simu alfajiri kutoka Makambako akiuliza nimefungwa gereza gani, na kama huko nako wanaruhusu kumpelekea mtu chakula. Pili, hapakuwa na helikopta. Tatu, askari hakukimbia. Alirudi nyuma hatua kadhaa kwa haraka, na mngekuwepo hata nyinyi mngerudi. Nitaeleza kwa nini.

Ile sauti mliyotumiwa kwenye magrupu, inayoanza na "Jamani, ndugu yetu kanaswa Kansas na shehena, na mama mkwe yumo," ilirekodiwa na jamaa aliyekuwa akituendeshea gari la pili, nyuma yangu, vioo vimepandishwa, mdomoni ana paja la kuku. Tumwite Bwana Sauti. Hakusikia hata neno moja. Alichokiona ni watu wanainama na watu wananyoosha mikono, minofu mingine kajazia mwenyewe. Sasa sikilizeni ya mwenye mali.

Huku Marekani tunahama kutoka Dallas kwenda Minneapolis, kazi ya mama watoto imetupeleka huko. Barabara ni moja tu, I-35: unaishika Texas, unapita Oklahoma, Kansas, unakata kipande cha Missouri, Iowa, mpaka Minnesota. Kilomita kama 1,500 hivi. Ndani ya gari ni mimi, mke wangu, watoto, na Mama, yaani mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza na gunia la dagaa.

Na risasi.

Najua, najua. Mlioko nyumbani tulieni. Texas wafanyakazi wenzangu wote hupotea kazini kila tarehe 1 Septemba, siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda njiwa. Mwaka mmoja wakanichukua. Nikanunua shotgani yangu, kihalali, kadi ya kijani, ile ya ukaaji wa kudumu, ninayo. (Wadogo zangu wa viza ya masomo, msijaribu. Sheria ya shirikisho inawakataza kushika bunduki na hata risasi yenyewe, isipokuwa kwa vijisababu vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Muulizeni mwanasheria, msiniulize mimi.) Ikaja 2020. Watu wengine wanagombania karatasi za chooni, wenzangu wanagombania risasi, maana ziliadimika nchi nzima. Ukikuta boksi dukani unalibeba kwanza, matumizi utayajua mbele ya safari. Nikabeba, nikabeba tena. Uwindaji wenyewe nilienda mara chache, na njiwa wa Texas wanaweza kuthibitisha kwamba hawana ugomvi na mimi.

Kwa hiyo wakati wa kuhama nina makasha manne ya chuma, yale ya kijani ya jeshi, yamejaa risasi nyekundu za shotgani. Kampuni ya kuhamisha mizigo ikaleta karatasi ya vitu isivyobeba: risasi, fataki, mitungi ya gesi, mafuta, rangi, blichi, na chini kabisa vyakula vinavyoharibika. Mke wangu akausoma ule mstari wa mwisho kwa sauti, huku anaangalia gunia la dagaa. Mama akajibu kwamba dagaa wake hawajaharibika.

Basi risasi na dagaa vyote vikaangukia kwenye gari letu.

Hapo ndipo nilipojifanya wakili. Nilisoma sheria mpaka usiku wa manane. Kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda anayesafiri na bunduki kutoka jimbo moja kwenda jingine: bunduki iwe tupu, na hiyo bunduki na risasi zake visifikike kwa mkono kutoka mahali wanapokaa abiria. Kama gari halina buti lililotengwa, na letu ni minivani, viwe kwenye kasha lililofungwa kwa kufuli, na kile kidroo cha mbele ya abiria hakihesabiki. Nikanunua makufuli. Nikafunga kila kasha. Funguo nikazitundika kwenye msumari jikoni. Nikamwita mke wangu aje aone mume anayefuata sheria. Akasema hongera, akaendelea kukunja mapazia.

Asubuhi ya safari Bwana Sauti ndiye aliyepakia. Akanyanyua kasha la kwanza akasema, "Kaka, mbona mepesi?"

Nikamwambia ni yeye ameanza kupata mwili.

Kumbukeni sentensi hiyo. Mimi naikumbuka kila nikitaka kulala.

Ndani ya gari nako mambo yalikuwa shwari kupita kiasi. Mama amekaa kiti cha katikati, miguu kaipandisha juu ya boksi la ndizi, lile la supamaketi, kalitandikia kanga. Nikamuuliza, "Mama, miguu haikuumii?" Akasema, "Hapana baba, hapa nimestarehe kabisa." Mpaka tunaimaliza Oklahoma nikamnong'oneza mke wangu kwamba dagaa wa Mama safari hii wamestaarabika, hawanuki hata kidogo. Mke wangu akaangalia nje. Kumbe nje hakuna cha kuangalia, ni nyasi tu.

Tumeivuka Wichita, naingia kituo cha mapumziko watoto wakajisaidie, nikaona taa za bluu na nyekundu nyuma yangu. Nikaegesha. Kosa lenyewe lilikuwa baiskeli ya mtoto niliyoining'iniza nyuma, tairi limeziba namba ya gari. Basi. Kosa la dakika mbili. Mtu mwenye akili angesema samahani afande, akaisogeza baiskeli, akaenda zake.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma.

Askari anafika dirishani, kijana, mpole, kofia ya ukingo mpana, hajamaliza hata kusema habari za mchana. Mikono yangu iko juu ya usukani kama wanavyofundisha. Nikafungua mdomo, na katika maneno yote ya Kiingereza niliyojifunza tangu shule ya msingi, yakatoka haya: "Bwana, nina risasi."

Kimya. Mtoto wa mwisho akaacha kulia.

Askari akasema, taratibu, "Sawa. Na bunduki?" Nikamwambia ipo nyuma, tupu, ndani ya mkoba wake, imefungwa, na risasi ziko mbali nayo kwenye makasha yenye kufuli, kwa mujibu wa sheria ya 1986. Nikataja mpaka kifungu. Akasema, "Kansas hatuna shida na hilo, bwana. Nimekusimamisha kwa ajili ya baiskeli."

Jamani, hapo mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimeachiwa. Sheria yote ile niliyokesha nayo ni ngao ya mtu anayepita majimbo yenye masharti makali. Mimi njia nzima nilikuwa napita kwa watu ambao risasi kwao ni kitu cha kawaida tu. Lakini nitasomaje usiku kucha halafu mtihani usije? Nikasema, na hili neno mwanasheria yeyote atawaambia msiliseme kamwe kwa askari: "Ngoja nikuonyeshe."

Akainua mabega. "Ukipenda."

Nikashuka. Yeye nyuma yangu, mkono wake mmoja karibu na mkanda. Nikafungua mlango wa nyuma. Makasha yangu manne yamepangana, kijani kibichi, makufuli yanametameta. Nikayaonea fahari. Nikachagua ufunguo. Nikafungua kufuli polepole, nikimsimulia kila ninachofanya, "Sasa naingiza ufunguo, sasa nageuza." Nikashika lile komeo la pembeni, nikalivuta. Yale makasha yana mpira kwenye mfuniko, kazi yake kuzuia unyevu usiingie. Na kitu kinachozuia kuingia kinazuia pia kutoka. Mwezi Agosti. Jua la Kansas. Tangu Dallas.

Likasema *pwaa*.

Hewa iliyotoka mle ilikuwa na uzito. Ilinipiga mimi kwanza, ikaendelea kwa askari, ikamvua kofia, au aliivua mwenyewe ajipepee, hapo kumbukumbu yangu ina ukungu. Ndiyo zile hatua alizorudi nyuma, Bwana Sauti, umeelewa sasa? Machozi yalipopungua nikachungulia ndani. Macho. Maelfu ya vijicho vikavu vya dagaa wa Mwanza vinaniangalia, na vyote vinaniuliza habari za sheria ya 1986.

Askari akaziba pua. "Hizi ndizo risasi?"

"Hapana bwana. Hawa ni samaki."

"Ulisema risasi."

"Nilisema."

Nikafungua kasha la pili. Dagaa. La tatu. Dagaa. La nne lilikuwa na ubuyu na karanga, na mfuko mdogo wa dagaa kwa ajili ya jirani mpya. Akili ikawa inazunguka: kama dagaa wako huku, basi zile risasi ziko wapi? Nikamgeukia mke wangu. Mke wangu alikuwa amepata jambo muhimu sana la kusoma kwenye lebo ya chupa ya maji.

Ndipo ikasikika sauti kutoka kiti cha katikati, tulivu, yenye upendo: "Baba, kama unatafuta zile betri zako, ninazo hapa."

Betri! Nyekundu, kitako cha shaba, zinajaa kiganjani. Sasa mtu aliyekaa na tochi maisha yake yote angeziitaje? Usiku ule tunafunga mizigo Mama aliyaona makasha yenye mifuniko ya mpira, akaona riziki. Akaomba funguo kwa binti yake, akapewa, akahamisha "betri" kwenye boksi la ndizi, akapakia dagaa, akabana makufuli. Yale makufuli hayahitaji ufunguo kujifunga. Na tangu Dallas alikuwa ameipumzisha miguu yake juu ya risasi mamia. Visifikike kwa mkono kutoka mahali wanapokaa abiria! Zilikuwa zinafikika kwa kidole gumba cha mguu.

"Mama anasemaje?" askari akauliza.

Nitafsirije, ndugu zangu? Nifanye nini? Huyu ni mkwe. Mkwe hafokewi. Mkwe haulizwi hata "kwa nini". Nikasema, "Mama anasema anazo yeye."

Na Mama, kwa ukarimu wake, alikuwa ameshaufungua mlango na kushuka, boksi kalikumbatia, alilete.

Sasa mnajua boksi la ndizi lilivyo. Katikati ya kitako lina tundu kubwa, ndizi zipate hewa. Mama alilifunika kwa gazeti. Nikaona gazeti linashuka. Nikasema "Mama—", nikaona risasi ya kwanza inachungulia, inaanguka, inadunda mara moja kwenye lami, *tik*, inaanza kubingirika. Ya pili. Kisha gazeti likachanika lote.

Zikamwagika. Sauti yake siwezi kuwaelezea. Ile sehemu ya maegesho ina mteremko kuelekea kwenye malori, nao watu wa malori walikuwa wamekaa wanakula. Risasi zikateremka kwa mstari mpana, nyekundu tupu, bila haraka, zikapita chini ya gari langu, zikapita kati ya buti za askari, zikaenda kuwasalimia. Mzee mmoja aliinua miguu akaendelea kutafuna. Mimi nikapiga kelele "Msikanyage!" kwa Kiswahili, katikati ya Kansas. Askari akanyoosha mikono miwili, "Mama, tafadhali rudi ndani ya gari!" Mama hajui Kiingereza. Alichoelewa ni kijana wa watu ananyoosha mikono anataka kitu. Akaokota moja, akaifuta kwa kanga, akamwekea kiganjani: "Shika mwanangu, hii imekukimbilia."

Askari akasema asante. Akaisoma ubavuni, panapoandikwa ukubwa wa vile vichembe vya ndani. "Namba nane," akasema. "Njiwa?"

"Njiwa, bwana."

"Unapata?"

Katika maswali yote ya siku ile, hilo ndilo lililoniuma. Nikasema, "Sana."

Mliouliza kwenye magrupu kwa nini hazikulipuka: risasi haifyatuki kwa kudondoka hivihivi, inataka kipande kile cha katikati ya kitako kigongwe sawasawa, na joto la gari lililoachwa juani halifiki kiwango cha kuwasha baruti. Hata ikiwaka nje ya bunduki inapasuka tu, haiendi mbali kama iliyotoka kwenye mtutu. Haya yote nilikuwa nayajua. Hayakunisaidia kitu nilipokuwa natambaa chini ya lori la mtu.

Yaliyobaki ni mafupi. Tuliokota, askari naye akaokota na kofia yake, baiskeli ikahamishwa, nikapewa onyo la mdomo, dagaa wakabaki kwenye makasha kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuwagusa, risasi zikaingia kwenye sanduku la nguo lenye kufuli na shati zangu mpaka leo zina harufu ya baruti. Bwana Sauti alikuja kusaidia tulipobakiza tano, simu mkononi. Tulipoingia Minneapolis kanisa zima la Kiswahili lilikuwa limeshasikia. Mchungaji alinikumbatia, na wakati ananikumbatia nilihisi mkono unanipapasa kiunoni. Vijana wa kwaya wananiita Mzee Betri.

Mama anarudi Mwanza mwezi ujao. Yale makasha ameyapenda na anataka kuondoka na mawili, ubavuni bado yameandikwa aina ya risasi kwa herufi kubwa za njano, na ndani anakusudia kuweka zawadi. Atahitaji mtu anayejua kuzungumza wa kumsindikiza mpaka kwenye mashine za ukaguzi uwanja wa ndege. Bwana Sauti, nimeshamwambia Mama ni wewe, na amefurahi sana.